Kulinda Ufukwe Bila Kuufunga: Mwongozo kwa Halmashauri, Vijiji na Wajenzi wa Pwani

Mwongozo huu ni kwa maafisa mazingira na wahandisi wa halmashauri za pwani ya Tanzania, viongozi wa vijiji na mitaa, vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU), na mafundi wanaopewa kazi na wenye hoteli au viwanja vya ufukweni. Unahusu mambo mawili ambayo kwa kawaida hupangwa mbalimbali: kuzuia bahari isile ardhi, na kuhakikisha kila mtu anafika majini. Hapa yanachukuliwa kuwa kazi moja. Njia ya watu ikisubiri hadi ukuta umalizike, ama haitakuwepo kabisa, ama itapasuliwa kwa haraka na kuwa mahali pa kwanza maji kupenya.

Pima kabla ya kuita fundi

Ufukwe hauna mpaka uliotulia. Wakati wa kusi mawimbi husukuma mchanga kuelekea kaskazini, na kaskazi ikiingia sehemu ya mchanga huo hurudi. Mwenye kiwanja akiona mizizi ya minazi yake iko nje mwezi Agosti hushtuka na kuagiza mawe. Pengine angesubiri hadi Februari angekuta nusu ya hasara imerudishwa bure. Ndiyo maana vipimo vya chini ya mwaka mmoja havitoshi kuamua lolote kubwa.

Upimaji wenyewe hauhitaji mitambo. Chagua alama isiyohama, kama vile nguzo ya zege au pembe ya jengo la zamani, kisha pima kwa kamba yenye alama hadi pale mimea ya nchi kavu inapoishia. Rudia kila mwezi, siku za bamvua, na piga picha ukiwa umesimama palepale. Usipime hadi ukingo wa maji: siku za bamvua tofauti ya kina kati ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu huzidi mita 3, na saa mbili tu zikipita kipimo chako kitakuwa kimebadilika kabisa.

Baada ya mwaka, uliza mchanga unaopungua ulikuwa ukitoka wapi. Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, ndiko swali hili lilikochelewa kuulizwa. Mchanga ulichimbwa kwa ajili ya ujenzi katika mito inayolisha fukwe za huko, baruti za wavuvi zikavunja matumbawe yaliyokuwa yakipunguza nguvu ya mawimbi, na hoteli zikajengwa karibu mno na maji. Hoteli ya Africana ililiwa na bahari hadi ikaachwa. Zilipojengwa kuta fupi za mawe kuingia baharini, mchanga ulijikusanya upande mmoja wa kila ukuta na kupungua upande wa pili, kwa hiyo anayejilinda kwa njia hiyo huweza kumhamishia jirani tatizo lake. Chanzo kikiwa ni machimbo ya mtoni, fedha ya kwanza itumike kusimamia machimbo, hata kama yako mbali na ufukwe. Ni kazi isiyo na jiwe la msingi la kuzinduliwa, na huenda ndiyo sababu haipendwi.

Njia ya watu ichorwe kwanza

Kabla ya mchoro wowote, tembea ufukweni na wanaoutumia, maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa. Mvuvi wa ngalawa anahitaji mteremko mpana wa mchanga wa kuvutia chombo. Akina mama wa mwani na pweza hushuka maji yakipwa na kurudi wamebeba mizigo mizito iliyolowa; ngazi ya saruji yenye vidato virefu ni adhabu kwao. Mchuuzi wa samaki anataka njia inayopitika kwa baiskeli au toroli. Mtu wa kiti cha magurudumu anahitaji mteremko usiozidi mita 1 ya kupanda kwa kila mita 12 za urefu. Mahitaji haya hayatoshelezwi na uchochoro mmoja kati ya kuta mbili za hoteli.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa. Maafisa wengi huishia hapo. Lakini mita 60 hizo hazichori njia yoyote kutoka barabarani. Mwekezaji anaweza kuziheshimu zote na bado kijiji kikazunguka mbali kulifikia diko lake. Kenya, ambako Katiba ya mwaka 2010 katika ibara ya 62 inaitaja ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma, swali hilohilo hubaki: utafikaje hapo? Njia iingizwe katika mpango wa matumizi ya ardhi, ipimwe, iwekewe mawe ya mipaka, na ijadiliwe katika mkutano mkuu wa kijiji kabla kiwanja cha jirani hakijagawiwa.

Kwa ujenzi, njia isikate moja kwa moja kutoka bara hadi majini. Ikiwa imenyooka, upepo huchota mchanga kupitia humo, na bamvua kubwa huingia kama mferejini. Ipinde kidogo, na panapokuwa na tuta la mchanga lenye mimea, watu wapite juu ya daraja la mbao lililoinuliwa ili miguu isikanyage mizizi. Diko la vyombo lisiwekewe mawe hata kidogo. Wavuvi walilichagua kwa kuwa mawimbi yake ni madogo kuliko pengine.

Kinga za gharama ndogo

Kabla ya yote, angalia maji ya mvua. Sehemu nyingi zinazodhaniwa kuliwa na bahari zimechimbwa kutoka nyuma na mfereji wa barabara au bomba la paa linalomwaga ufukweni. Yaelekezwe kwenye shimo la kunyonya maji au kwenye kijito cha asili.

Pale penye mchanga, mlakasa ndio mlinzi wa kwanza: hutambaa juu ya tuta na kulishika. Uzio mfupi wa makuti ukiwekwa nyuma ya mstari wa maji makuu hunasa mchanga unaopeperushwa, na ukioza hauachi taka. Mwani unaotupwa na mawimbi usikombwe wote kwa trekta ili wageni wapate ufukwe mweupe. Hunasa mchanga; panapolazimu, ukusanywe kwa reki kwenye eneo dogo la wageni tu. Viroba vya plastiki vilivyojazwa mchanga wa ufukwe huohuo havifai: jua huvichana, na mchanga umekwisha kuibwa mahali unapohitajika.

Mikoko ni ya matope na maji yaliyotulia, kama kwenye vinywa vya mito na hori. Kuipanda kwenye mchanga unaopigwa na bahari wazi, au juu ya nyasi za baharini, ni kupoteza miche na kuharibu malisho ya samaki. Upande wa bahari huanza mlilana na mchu, na mkoko wenye mizizi ya matao hufuata nyuma. Mara nyingi haihitaji hata kupandwa: ukifungua mkondo wa maji uliozibwa na tuta la barabara au chumvi, mbegu hujileta zenyewe. Gazi, katika kaunti ya Kwale nchini Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja unaonyesha kuwa jamii inaweza kutunza msitu huo na kupata kipato kupitia biashara ya kaboni.

Ukuta ukilazimu

Zipo sehemu ambazo haziwezi kurudishwa nyuma, kama Barabara ya Barack Obama jijini Dar es Salaam. Hapo ukuta unakubalika, lakini usiwe wa kusimama wima. Wimbi likigonga ukuta wima hurudi na nguvu zake, huchimba chini ya msingi, na ufukwe ulio mbele huondoka. Maji yakijaa hapabaki pa kukanyaga. Tumia mteremko wa mawe makubwa juu ya kitambaa cha kuchujia, msingi uzame chini ya kina kinachotarajiwa kuchimbwa, matundu ya kutolea maji yaachwe, na ncha zote mbili zikunjwe kuelekea bara. Ngazi na mteremko wa watu viwe katika mchoro na bei ya zabuni, visije vikafutwa fedha zikipungua. Ushauri wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira utafutwe kabla zabuni haijatangazwa.

Baada ya makabidhiano, daftari la vipimo likae ofisi ya kijiji au mtaa, nakala moja kwa BMU na moja halmashauri. Vipimo viendelee kila mwezi kwenye alama zilezile, pamoja na mita 200 za jirani kila upande, na bajeti ya kila mwaka itenge fungu la kubadilisha mbao za daraja na makuti.