Hurafa: Safari ya Kima na Papa

Shabaha
Kufikia mwisho wa somo hili, uweze kubainisha aina ya hadithi, kuchambua wahusika na kueleza dhima ya hadithi ndani ya hadithi.

Usuli
Kisa hiki cha pwani hujulikana kama hadithi ya Punda wa Dobi. Edward Steere alikichapisha London mwaka 1870 katika mkusanyiko wa hadithi za Unguja. Visa vinavyofanana nacho vimo katika Kalila wa Dimna, kitabu cha Kiarabu chenye asili ya Kihindi. Fasihi simulizi husafiri pamoja na watu.

Muhtasari
Kima anaishi juu ya mkuyu ulioinama baharini. Kila siku anamdondoshea Papa matunda, nao wanakuwa marafiki. Papa anamwalika kwao ili amlipe fadhila. Kima anampanda mgongoni. Wakiwa katikati ya bahari, Papa anafichua kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kuwa laiti angeambiwa mapema angeubeba, kwani kima huacha mioyo yao mitini. Papa anamrudisha. Kima anaruka mtini, na anapoitwa tena anakataa: yeye si punda wa dobi.

Papa anauliza punda huyo ni nani. Kima anasimulia: Simba mgonjwa alimtuma Sungura amletee nyama. Sungura akamlaghai punda wa dobi hadi kwa Simba. Punda akashambuliwa, akaponyoka, kisha akalaghaiwa tena na kuuawa. Sungura akala moyo na masikio kwa siri. Alipoulizwa, alisema punda huyo hakuwa navyo. Angekuwa navyo, asingerudi mara ya pili.

Swali la mfano
(a) Ainisha hadithi hii kwa kutoa sababu. (alama 4)
(b) Linganisha Kima na Punda. (alama 4)
(c) Eleza umuhimu wa kisa cha Punda katika hadithi hii. (alama 4)

Mwongozo wa majibu

(a) Ni hurafa kwa kuwa wahusika wakuu ni wanyama wanaozungumza na kutenda kama binadamu. Pia ni hekaya kwa kuwa mhusika mmoja anamzidi mwingine kwa ujanja. Kutaja jina la aina bila sababu hakutoshi.

(b) Wote wawili wanaamini upesi: Kima anapanda mgongo wa Papa bila kuuliza, na Punda anamfuata Sungura. Wote wanaponyoka hatari ya kwanza. Tofauti yao ni hii: Kima anatumia akili na anajifunza kutokana na kosa lake, ilhali Punda anarudi palepale alipojeruhiwa.

(c) Kisa hiki ni jibu la Kima kwa mwaliko wa pili. Badala ya kusema "siji" na kunyamaza, anaonyesha linalompata anayerudi. Pia kinafafanua maana ya moyo. Kwa Papa, moyo ni kiungo cha mwili, dawa tu. Kwa Sungura, moyo ni utambuzi, na masikio ni uwezo wa kusikia onyo. Hapa pana kinaya: Kima anayedai hana moyo ndiye mwenye moyo wa kweli.

Jihadhari
Watahiniwa wengi husimulia hadithi upya badala ya kuchambua. Anza kila hoja kwa sifa au dhamira, kisha utoe tukio moja la kuithibitisha.

Usikimbilie pia kuandika "Papa ni msaliti" ukaishia hapo. Ni kweli anamlaghai rafiki aliyemlisha. Kikulacho ki nguoni mwako. Hata hivyo, ndiye anayemweleza Kima ukweli kabla hawajafika, na ukweli huo ndio unaomwokoa Kima. Waweza kusema Papa ni mjinga, au kwamba dhamiri inamsuta. Majibu yote mawili yanakubalika ukiyatetea kwa ushahidi. Mtahini hatafuti maoni yake mwenyewe katika kijitabu chako. Anatafuta hoja iliyosimama.

Zoezi
1. Taja methali mbili zinazoafiki hadithi hii na utetee chaguo lako. (alama 4)
2. "Nguvu bila akili ni bure." Thibitisha ukirejelea Papa na Simba. (alama 6)
3. Fanani angefanya nini ili hadhira ihisi taharuki katikati ya bahari? (alama 5)