Zana za Kuanzia Kutia Nakshi katika Ngozi

Wilaya ya Kilosa, katika Mkoa wa Morogoro, ina wafugaji wengi wa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mfugaji aendaye machungani huchukua sime, nayo sime hukaa katika ala ya ngozi. Ala, mikanda na mikoba huweza kupambwa kwa nakshi za majani, maua au mistari. Nakshi hizo hukatwa kwa kisu, kisha hugongwa kwa chapa. Katika somo hili utajifunza zana chache zinazomfaa mtu anayeanza kazi hii, na sababu ya kuzichagua.

A. Ngozi ifaayo

Ngozi mbichi huoza upesi. Ili isioze, hutengenezwa kwa dawa. Dawa moja ni tanini, ambayo hupatikana katika magome ya miti kama miwati inayopandwa Njombe. Dawa nyingine ni chumvi za kromiamu.

Ngozi ni nyuzi nyingi nyembamba zilizosukana. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ikiloweshwa kidogo, maji huingia kati ya nyuzi, nazo huweza kusogea. Ukiibonyeza, nyuzi hubanwa. Maji yakikauka, nyuzi hubaki zilipobanwa na alama haifutiki. Ngozi ya kromiamu mara nyingi hurudi ilivyokuwa, kwa hiyo haifai kwa nakshi. Tazama ukingo wake uliokatwa. Mara nyingi huwa na rangi ya kijivu iliyochanganyika na samawati.

Tumia vipande vya ngozi ya ng'ombe vilivyobaki kwa fundi viatu. Usitumie kamwe ngozi ya mnyama wa porini. Mji wa Mikumi uko jirani na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Kuwa na ngozi ya mnyamapori bila kibali ni kosa la jinai.

B. Zana za kuanzia

1. Kisu kifupi chenye makali. Hiki hukata mistari ya nakshi. Usikate zaidi ya nusu ya unene wa ngozi.
2. Kinoo. Hiki hunoa kisu.
3. Chapa mbili au tatu za chuma. Hizi hubonyeza ngozi kando ya mistari ili nakshi ionekane imeinuka. Fundi aweza kutengeneza chapa kwa msumari mkubwa uliosuguliwa kwa tupa.
4. Nyundo ya mti. Nyundo ya chuma huharibu vichwa vya chapa.
5. Jiwe bapa na zito. Hili huwekwa chini ya ngozi. Meza nyepesi hurukaruka na kupunguza nguvu ya pigo.
6. Kitambaa safi na maji.

Tuseme wanafunzi wawili wana fedha sawa. Wa kwanza ananunua chapa kumi na kisu butu. Wa pili ananunua kisu kizuri, kinoo na chapa mbili. Nani atafanya kazi bora? Ni wa pili, kwa kuwa chapa hufuata mistari iliyokatwa kwa kisu. Mistari ikiwa mibaya, chapa nyingi hazitaitengeneza.

C. Kwa nini makali hukata?

Nguvu ya mkono ikienea katika eneo kubwa, kila sehemu hupata nguvu kidogo. Ikikusanyika katika eneo dogo, hupenya. Makali ya kisu ni eneo dogo sana. Kisu butu hudai nguvu nyingi, na mkono unaosukuma kwa nguvu nyingi huteleza kwa urahisi. Kwa hiyo kisu butu huweza kumjeruhi mtumiaji kuliko kisu kikali.

D. Jaribio

Vifaa: vipande viwili vya ngozi iliyotengenezwa kwa magome, maji, kitambaa, jiwe bapa, nyundo ya mti na msumari butu.

1. Futa kipande kimoja kwa kitambaa chenye maji. Acha kingine kikavu.
2. Ngoja mpaka rangi ya ngozi iliyoloweshwa ianze kurudi ya awali.
3. Weka kila kipande juu ya jiwe. Kigonge mara moja kwa msumari, kwa nguvu iliyo sawa.
4. Linganisha alama hizo mara moja, kisha uzilinganishe tena kesho yake. Andika uliyoyaona.

TAHADHARI: Tumia kisu mbele ya mwalimu tu. Mkono unaoshika ngozi usikae mbele ya makali. Usimpe mwenzako kisu kwa kukielekeza makali kwake.

E. Maswali

1. Kwa nini ngozi huloweshwa kabla ya kugongwa?
2. Taja tofauti mbili kati ya ngozi ya magome na ngozi ya kromiamu.
3. Kwa nini kisu butu ni hatari?
4. Kwa nini jiwe zito hufaa kuliko meza nyepesi?
5. Una fedha za kununua zana tatu tu. Utachagua zipi? Toa sababu.