Kivimbe cha mafuta: angalia fishi yako

Ndugu mtumikaji, nawe mama wa nyumbani: kivimbe laini chini ya ngozi, kisichouma, kinachoteleza ukikigusa kwa kidole, mara nyingi ni lipoma, yaani mafuta tu. Si kansa. Lakini kwenye fishi neno «uvimbe» peke yake halitoshi. Umwombe munganga aandike mahali kilipo, upana kwa sentimeta, na tarehe (na maandishi yasomeke!). Katika toleo la 10 la orodha ya magonjwa ya OMS, cha shingo alama yake ni D17.0, cha mgongo D17.1, cha mkono D17.2. Ukipimwa Beni leo, mwakani ukahamia Butembo, munganga wa huko atajuaje kama kimekua? Kikipita sentimeta 5, kikiwa kigumu au kikikua upesi, usingoje: rudi hospitali na fishi ileile.