Kuku Wakianza Kusinzia, Mwambie Jirani

Dalili ya kwanza haina kelele. Tetea aliyezoea kutangulia kutoka bandani asubuhi anabaki pembeni amejikunyata, manyoya yamemsimama, macho yamefumba. Mchana anaharisha kijani. Kesho yake mwingine anapinda shingo au anaburuta bawa, na wiki haijaisha banda limebaki na kuku wawili watatu, pengine hata hao hawapo. Wafugaji wengi huuita mdondo, wengine kideri. Wataalamu huuita Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ulikotambuliwa miaka ya 1920, na kuku wasiochanjwa unaweza kuwamaliza karibu wote.

Mang'ola, kule bondeni karibu na Ziwa Eyasi, inajulikana kwa vitunguu. Lakini fedha ya vitunguu huja kwa msimu, na bei ikianguka huenda isije kabisa. Anayeuzwa katikati ya wiki mtoto akishikwa na homa ni kuku. Kuku ndiye sare ya shule, nauli ya kupanda Karatu, kitoweo cha mgeni aliyefika bila taarifa. Mara nyingi ni mali ya mama mwenyewe, asiyohitaji kuomba ruhusa ya mtu kuiuza. Basi wakifa ishirini kwa wiki moja, huo ni msiba wa kaya. Ajabu ni kwamba ng'ombe akifa majirani huja kutoa pole, ila banda zima la kuku likiisha, mwenyewe hunyamaza. Hufukia, au hutupa, au huwahi wale wanaosinzia akawapeleka mnadani kabla hawajaanguka.

Simlaumu anayefanya hivyo. Anajaribu kuokoa chochote. Ila ukimya huo na safari hiyo ya mnadani ndivyo vinavyoupeleka ugonjwa kwenye boma la pili na la tatu. Virusi vya mdondo hutoka na kinyesi na makamasi ya kuku mgonjwa, vikashika kwenye viatu, mikononi, kwenye manyoya, kwenye matenga ya wachuuzi wanaozunguka boma hadi boma. Kuku aliyeambukizwa huchukua siku 2 hadi 15 kabla ya kuonyesha dalili, mara nyingi 5 au 6. Kwa hiyo yule uliyemnunua mnadani akiwa mchangamfu anaweza kuwa tayari amebeba kifo cha wenzake. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nasi tuuchukue usemi huo kama ulivyo: kuku mgeni afungwe peke yake, mbali na wenyeji, ale na kunywa kwenye chombo chake kwa wiki mbili. Hata kuku wako mwenyewe uliyempeleka mnadani akakosa mnunuzi, akirudi nyumbani ni mgeni.

Mang'ola kuna jambo jingine la kuangalia, nalo ni mifereji. Maji ya chemchemi ya Qangdend hupita shamba kwa shamba, na kuku wa kaya nyingi hunywa humo. Mzoga ukitupwa mferejini, au manyoya na matumbo yakioshewa humo, wa chini yako watayapokea. Chimba shimo refu kiasi ambacho mbwa na fisi hawataweza kufukua, fukia mzoga pamoja na uchafu wa banda, kisha nawa kwa sabuni na uoshe viatu. Najua wengi huchinja anayesinzia ili asiende bure. Kuku wakiwa wanakufa kwa wingi na kwa ghafla, usichinje wala usile kabla afisa mifugo hajajulishwa, kwa sababu yapo magonjwa ya kuku yanayompata hata binadamu, na kwa macho tu huwezi kuyatofautisha na mdondo.

Sasa kwa jirani. Habari ya ugonjwa ina thamani siku ya kwanza. Siku ya nne imeshachelewa. Usingoje uwe na uhakika. Piga simu au tuma ujumbe wa sauti, maana si kila mtu anasoma kwa urahisi, na kwa wazee wa Kiiraqw, Kidatoga au Kihadza useme kwa lugha ya nyumbani kwao. Maneno yenyewe hayahitaji kuwa mengi: "Dada, kuku wangu watatu wamezubaa tangu jana na wanaharisha kijani. Msifungulie wenu leo, na mtoto asije kuchukua mayai huku kwangu." Hapo umempa nafasi ya kuwafungia wake, na aliyepewa nafasi hiyo hatakusahau.

Na wewe uliyepokea habari, toa pole kama unavyotoa kwenye hasara nyingine yoyote. Kisha uliza. Alianza yupi, kifaranga au mkubwa? Kuna kuku aliyeingia wiki mbili hizi? Mchuuzi alipita? Kuna aliyepuliza dawa shambani? Kinyesi kina rangi gani? Maswali hayo si udadisi wa umbea. Majibu yake yakikusanywa kutoka maboma manne matano, afisa mifugo wa kata ataona ugonjwa ulikoingilia na unakoelekea, jambo ambalo boma moja peke yake haliwezi kuonyesha. Atakayekwenda kutoa pole asiingie bandani. Asimame nje, na akirudi kwake anawe kabla ya kugusa kuku wake.

Swali la dawa ya shambani nimelitaja makusudi. Kwenye eneo la vitunguu, kuku wanaokutwa wamekufa kwa mkupuo saa chache baada ya jirani kupuliza, bila kuharisha kijani, huenda wamekula sumu au kunywa maji yenye sumu. Nyama hiyo isiliwe na mtu wala mbwa. Anayepuliza awaambie majirani tangu jana yake, na chupa ya dawa isigeuzwe chombo cha kunyweshea kuku hata ikioshwa mara kumi.

Mdondo hauna tiba. Hili linauma, kwa sababu kila mfugaji anayo dawa aliyosikia: shubiri, pilipili, mwarobaini, unga wa antibayotiki kutoka duka la mifugo. Antibayotiki huua bakteria, na mdondo husababishwa na virusi. Kuku aliyepona baada ya kunyweshwa unga huo ama hakuwa na mdondo, ama mwili wake ulishinda wenyewe. Tunaposhauriana, tuelezane pia tulichojaribu kikashindwa, ili jirani asitumie fedha yake ya mwisho kwenye kitu hicho hicho.

Kinachofanya kazi ni chanjo, tena inayotangulia. Tanzania ina chanjo ya tone la jicho iitwayo I-2, iliyotokana na kirusi dhaifu kilichoendelezwa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na majokofu. Huvumilia joto kuliko chanjo za kawaida, na kwa bonde lenye jua la Mang'ola sifa hiyo ni kubwa. Lakini kuvumilia huko kuna mpaka: ifungwe kwenye kitambaa kibichi, isafiri asubuhi, isiwekwe kwenye jua wala mbele ya gari juu ya dashibodi. Kila kuku, mkubwa kwa mdogo, hupewa tone moja katika jicho moja, na zoezi hurudiwa kila baada ya miezi 3. Mgonjwa hachanjwi. Kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka, ndiyo maana chanjo inayoletwa wakati kuku wameshaanza kuanguka huwa imechelewa kwa boma hilo, ingawa maboma ya mbali bado yanaweza kuokolewa. Mdondo huzidi miezi ya kiangazi, hivyo usiukose mzunguko unaotangulia Juni.

Kikwazo kwa wengi ni chupa. Chupa moja ina dozi za kuku wengi kuliko walio katika boma moja, na ikishafunguliwa haiwekwi akiba. Mwenye kuku kumi na wawili anaona ananunua kitu atakachokimwaga, basi anaacha. Maboma sita au saba yakichanga, gharama ya kila kuku inakuwa ndogo sana. Mang'ola wanaujua mpango wa namna hii kuliko mimi ninayeandika: maji ya mfereji yanagawanywa kwa zamu, na kila mtu anaijua siku na saa yake. Chanjo nayo ipewe zamu. Chagueni siku na mtu mmoja mwenye mkono mtulivu, afundishwe na afisa mifugo. Jioni ya kuamkia siku hiyo kila kaya ifungie kuku wake, na asubuhi isiwafungulie kabla mchanjaji hajafika. Aanzie maboma yasiyo na ugonjwa, anawe kila anapotoka, na penye wagonjwa asiingie. Kabla ya kuchanga, muulizeni afisa mifugo kama chanjo ya serikali inafika katani. Kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo iliyozinduliwa mwaka 2025 iliwaingiza kuku wa asili, na kwao ilitangazwa kuwa bila malipo.

Vifaranga ni habari nyingine. Wengi wao hawafi kwa mdondo. Huchukuliwa na mwewe, nguchiro na baridi ya alfajiri. Wafunike kwa tenga pamoja na mama yao wiki za kwanza, wape maji kwenye sahani yenye kina kifupi, na hasara hiyo itapungua bila kununua chochote.

Kwa aliyekwisha kupoteza, asikimbilie mnadani kujaza banda. Aondoe samadi yote, afagie, apake chokaa, aache jua liingie, na kwa maoni yangu angoje angalau mwezi. Hapo ndipo faida ya kikundi inaonekana. Vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa vina mfuko wa jamii kwa misiba na ugonjwa. Sioni kwa nini banda lililoisha lisiingizwe humo. Au ufuatwe mtindo uliozoeleka wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe: wenye kuku waliochanjwa wampe matetea wawili na jogoo, naye akishatotolesha, alipe matetea wawili kwa atakayepatwa baada yake. Kuku hao wachanjwe wiki mbili kabla ya kuhama, na tarehe ya chanjo yao iandikwe kwa chaki kwenye mlango wa banda jipya, pembeni yake tarehe ya zamu inayofuata.