Kabla ya Kumkabidhi Mtu Bajaji Yako

Unguja, vyombo vya moto husimamiwa na sheria ya usafiri barabarani. Leseni hutaja aina ya chombo ambacho dereva ameruhusiwa kukiendesha; aliyefaulu mtihani wa gari dogo hakufaulu wa bajaji. Wenye vyombo wengi hulisahau hili wanapompa kijana wa jirani bajaji awaletee hesabu kila jioni, eti kwa kuwa "anajua kuendesha". Kujua siko kuruhusiwa. Mikataba ya bima kwa kawaida hushurutisha dereva mwenye leseni stahiki: ajali ikitokea pale Darajani, kampuni yaweza kumgeukia mmiliki na kumdai fidia aliyolipwa abiria. Itazame leseni yenyewe, si picha yake kwenye simu. Soma daraja, kisha tarehe ya kwisha.