Madoa ya kuvumwani uani: namna ya kuyatoa na kuyazuia yasirudi

Kanyabayonga, juu ya mteremko wa Kabasha, simenti hukawia kukauka. Asubuhi kuna ukungu, mchana mvua, na kivuli cha parachichi na migomba hakiachi jua lifike chini. Miaka ikipita, sakafu ya baraza, ngazi na njia ya jikoni hujaa madoa ya mviringo, ya kijivu, meupe au ya manjano, yaliyong'ang'ania kama rangi. Hiyo ni kuvumwani. Kuitoa ni kazi ya siku moja. Kuizuia isirudi ndiyo kazi yenyewe.

Kwanza, ijue

Utelezi wa kijani unaoangusha watoto ni mwani tu, na hutoka kwa brashi na maji. Kuvumwani ni kuvu na mwani vinavyoishi pamoja: mwani hutengeneza chakula kwa mwanga, kuvu hushikilia jiwe na kutunza unyevu. Haina mizizi wala haihitaji udongo; ndiyo hutangulia kuota kwenye lava ya Nyamulagira, kabla ya miti. Nyuzi zake hupenya vitundu vya simenti, na asidi yake hula chokaa polepole. Ukikwangua juu tu, nyuzi zilizobaki ndani huchipua tena.

Kuitoa

1. Chagua majira ambayo mvua hupungua: Januari na Februari, au Juni na Julai. Anza asubuhi, maana jua kali hukausha dawa kabla haijafanya kazi.

2. Fagia, kisha mwaga maji na usubiri robo saa. Kuvumwani ikinywa maji hulainika. Ikwangue kwa ubao mgumu au mwiko butu wa mwashi. Brashi ya waya iache: huacha vipande vinavyoshika kutu, na michubuko yake huwa mahali pazuri pa kuvumwani mpya kujishikiza.

3. Tayarisha maji ya klorini. Watu wa Butembo na Beni walizoea vipimo vyake wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020: vijiko vikubwa 10 vya unga wa klorini wa asilimia 70 katika bido la lita 20 hutoa nguvu ya asilimia 0.5. Kwa kuvumwani sugu weka vijiko 20. Ukiwa na javeli ya maji yenye asilimia 5, changanya kipimo 1 cha javeli na vipimo 4 vya maji. Soma lebo kwanza, kwa kuwa nguvu hutofautiana, na javeli iliyokaa juani huwa imechoka.

4. Mwagia, acha nusu saa huku sakafu ikiwa mbichi, sugua kwa brashi ngumu ya nailoni, kisha suuza mara mbili. Usishangae madoa fulani yakibaki yamepauka: yamekufa, na mvua zitayabandua kidogo kidogo. Yanayoonekana bado hai yarudie baada ya wiki mbili.

Tahadhari

Vaa glavu na buti, na ukinge macho. Tia unga kwenye maji, si maji kwenye unga. Usichanganye klorini na siki, ndimu, asidi ya betri wala mkojo. Hutoa hewa ya sumu. Hata peke yake, asidi hula simenti. Fungia kuku na mbuzi, na usiache maji ya kusuuza yaelekee kwenye mboga au kwenye tangi la mvua. Ikiwa hapo ndipo mnapoanika kahawa au maharagwe, suuzeni tena na muache pakauke kabisa kabla ya kuanika.

Kuzuia

Mwaga ndoo ya maji uani, urudi baada ya nusu saa. Palipotuama ndipo kuvumwani itakapoanzia. Sakafu nzuri huinama sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, ikielekea nje ya nyumba. Palipobonyea pajazwe, nyufa zizibwe.

Weka gutieri ili maji ya mabati yasidondoke kwenye simenti. Kata matawi jua lifike, na ufagie majani kila wiki, maana majani yaliyooza hutunza unyevu. Nyua zilizokaa miezi bila kufagiwa, wenyewe walipokimbia vita vya Juni 2024, huhitaji mwanzo huo wa ufagio kabla ya dawa yoyote.

Ukijenga upya, usibane simenti: changanya ndoo 1 na ndoo 3 za mchanga, lainisha uso vizuri, na uumwagilie siku 7. Simenti hafifu, yenye vitundu vingi, hunywa maji na kuyatunza. Chini ya kuta paka chokaa. Ukali wake huchelewesha kuota.

Kuta za zamani za mawe na makaburi yaache yalivyo. Huko kuvumwani haiangushi mtu, na klorini huweza kuharibu jiwe kuliko yenyewe. Na kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nunua gutieri kabla ya javeli.