Lugha ya Tarakilishi Isiyo na Mwenyewe: Jinsi Python Ilivyojifunza Kujitawala

Kijana anayeanza kozi ya tarakilishi siku hizi ana uwezekano mkubwa wa kukutana na lugha ya Python mapema. Ataipakua bila kulipa hata shilingi moja. Ataitumia bila kuomba kibali kwa mtu. Akipenda, anaweza kuifungua ndani na kusoma jinsi ilivyoundwa, mstari kwa mstari.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo mzazi anayelipa karo na kijana anayetoa muda wake wana haki ya kuliuliza: ikiwa lugha hii haiuzwi na kampuni yoyote, ni nani anayeamua itakavyokuwa kesho? Ikipata hitilafu, ni nani atakayeirekebisha? Somo la toleo hili linajibu maswali hayo kwa kufuata historia ya Python na ya lugha chache zilizozaliwa nayo wakati mmoja.

Lugha nyumbufu ni nini?

Tarakilishi yenyewe haielewi ila namba. Lugha ya programu ni daraja kati ya namba hizo na fikra za binadamu. Katika lugha kama C au Java, mwandishi hutangaza mapema aina ya kila kitu anachokitumia: hiki ni namba, kile ni maandishi. Kisha chombo kiitwacho kompaila hukagua kazi yote kabla haijaanza kutumika. Penye kosa la aina hiyo, kazi hurudishwa mlangoni.

Lugha nyumbufu hufanya kinyume. Aina ya kitu hujulikana programu ikiwa tayari inaendelea. Tazama mistari hii miwili ya Python:

idadi = 40
idadi = "arobaini"

Katika mstari wa kwanza, jina "idadi" limebeba namba. Katika wa pili, jina lilo hilo limebeba maandishi. Java ingekataa. Python inakubali bila kulalamika.

Faida yake ni wepesi. Maneno ni machache, majaribio ni ya haraka, na mwanafunzi huona matokeo siku ya kwanza. Hasara ni mbili. Kwanza, programu za lugha hizi kwa kawaida huenda polepole kuliko za C. Pili, kosa ambalo kompaila ingelinasa mapema linaweza kujificha hadi siku programu inapotumiwa na wananchi. Kwa hivyo lugha nyumbufu huhitaji majaribio mengi na macho mengi. Jamii ya watu wanaoitunza lugha ni sehemu ya usalama wake.

Wazo hili si geni. Lisp, iliyobuniwa na John McCarthy mwishoni mwa miaka ya 1950, ilikuwa na tabia hiyo. Lakini lugha tunazozisikia zaidi leo zilitokea kwa kufuatana: Perl ya Larry Wall mwaka wa 1987, Python mwaka wa 1991, kisha mwaka wa 1995 zikaja PHP ya Rasmus Lerdorf, Ruby ya Yukihiro Matsumoto wa Japani, na JavaScript ya Brendan Eich. Wakati huo tarakilishi zilikuwa zimepata nguvu ya kuvumilia uzito wa lugha hizi, na intaneti ilikuwa inaleta kazi mpya zilizotaka wepesi. Kila moja ilianza kama kazi ya mtu mmoja.

Kutoka mtu mmoja hadi umma

Guido van Rossum alianza kuandika Python wakati wa likizo ya Krismasi ya mwaka wa 1989, alipokuwa mfanyakazi wa kituo cha utafiti wa hisabati na tarakilishi cha CWI mjini Amsterdam, Uholanzi. Awali alikuwa amefanya kazi kwenye ABC, lugha iliyokusudiwa kuwarahisishia wanaoanza, ambayo haikuenea. Alichukua mazuri ya ABC, akaacha yaliyoibana. Jina hakulitoa kwa chatu, bali kwa Monty Python, kundi la wachekeshaji wa Uingereza.

Mnamo Februari 1991 aliitoa bure kupitia intaneti. Wageni walianza kumtumia marekebisho, naye akayapokea. Hii ndiyo maana ya programu huria: leseni yake inampa kila mtu ruhusa ya kuitumia, kuisoma, kuibadilisha na kuisambaza.

Marekebisho yalipozidi, utaratibu ulihitajika. Mwaka wa 2000 jamii ya Python ilianzisha mapendekezo rasmi yanayojulikana kwa kifupi kama PEP. Mwenye wazo la kubadilisha lugha huliandika: tatizo ni lipi, suluhisho ni lipi, na wanaopinga wanasema nini. Pendekezo hujadiliwa hadharani. Likikubaliwa au likikataliwa, uamuzi hubaki kwenye kumbukumbu ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma hata miaka 20 baadaye.

Mwaka wa 2001 likaundwa shirika lisilo la faida, Python Software Foundation, ili kushika haki za lugha hiyo na kupokea michango. Hata hivyo, neno la mwisho kuhusu lugha lilibaki kwa Van Rossum. Jamii ilimpa cheo cha utani: dikteta mwema wa maisha.

Mabadiliko yaliyochukua miaka 11

Mnamo Desemba 2008 Python 3 ilitolewa. Watunzaji walikuwa wameamua kusahihisha makosa ya zamani hata kama programu zilizokuwepo zingekwama.

Chukua mfano wa zahanati iliyopokea wagonjwa 7 wa malaria kwa siku 2. Wastani ni 3.5 kwa siku. Lakini katika Python 2, ukiandika 7 / 2, jibu lilikuwa 3. Lugha ilitupa nusu bila kukuonya. Katika Python 3, jibu ni 3.5.

Mfano wa pili unagusa lugha zetu. Neno Gĩkũyũ lina herufi 6. Tarakilishi inayohifadhi maandishi kwa mfumo wa UTF-8 hutumia nafasi mbili kwa kila herufi yenye alama, yaani ĩ na ũ. Python 2, ikipewa neno hilo kama maandishi ya kawaida, ilihesabu nafasi badala ya herufi na kujibu 9. Python 3 hujibu 6. Kwa mtu aliyeandika Kiingereza pekee, kasoro hiyo ilikuwa vigumu kuiona. Kwa watu wengi duniani, majina na maneno yao yalikuwa yakihesabiwa vibaya.

Sababu ilikuwa nzuri, lakini gharama ilikuwa kubwa. Programu za Python 2 hazikuweza kuendeshwa na Python 3 bila kuandikwa upya mahali pengi. Watumiaji waliogopa kuhama kabla ya vifurushi wanavyovitegemea kuhama, nao watengenezaji wa vifurushi walisubiri watumiaji. Msaada kwa Python 2 ulipangwa kukoma mwaka wa 2015. Mwaka wa 2014 tarehe hiyo ilisogezwa hadi 2020, na Januari 1, 2020 msaada ukafikia kikomo.

Linganisha na Perl. Perl 6 ilitangazwa mwaka wa 2000, lakini toleo lake thabiti lilifika Desemba 2015. Kufikia hapo ilikuwa imetofautiana sana na Perl ya kawaida, na mwaka wa 2019 ikapewa jina jipya, Raku. Python ilivuka kwa sababu watunzaji wake waliendelea kuzihudumia pande zote mbili kwa miaka mingi, wakatoa zana za kusaidia kuhama, kisha wakaweka tarehe ya mwisho iliyojulikana na kila mtu.

Kiongozi anapoondoka

Mwaka wa 2018 ulizuka mzozo kuhusu PEP 572, pendekezo la kuongeza alama moja, :=, inayomwezesha mwandishi kuhifadhi thamani na kuitumia papo hapo. Wapo walioona ingefupisha kazi, na wapo walioona ingeichafua lugha. Mjadala ulikuwa mkali. Van Rossum alilikubali pendekezo, kisha Julai 12, 2018 akatangaza kwamba anaacha nafasi ya kuamua. Hakumteua mrithi. Aliwaachia watunzaji wakuu wajipangie utawala wao.

Kwa miezi kadhaa waliandika mifumo tofauti ya uongozi, wakaijadili kwa utaratibu uleule wa PEP, na Desemba 2018 wakapiga kura. Mfumo ulioshinda ni wa baraza la watu 5. Baraza la kwanza lilichaguliwa mapema mwaka wa 2019, na Van Rossum mwenyewe akawa mmoja wa wajumbe, mwenye kura moja kati ya tano.

Kanuni za baraza hilo zinastahili kusomwa na yeyote anayejali mali ya umma. Wajumbe wasiozidi wawili wanaweza kuwa wafanyakazi wa mwajiri mmoja, ili kampuni tajiri isijinyakulie lugha. Uchaguzi hurudiwa kila baada ya toleo jipya la lugha, na sasa matoleo hayo hutoka kila mwaka. Watunzaji wakuu wanaweza pia kuliondoa baraza kwa theluthi mbili ya kura.

Sisi ambao tangu Katiba ya 2010 tunazungumzia ushirikishaji wa umma tutaona jambo tunalolifahamu: muhula, kura na kumbukumbu zilizo wazi. Lakini tofauti isifichwe. Wanaopiga kura ni watunzaji wakuu, si kila mtumiaji. Mtumiaji wa kawaida hana kura, ila ana sauti, na anaweza kupanda hadi kuwa mtunzaji kwa kazi yake.

Huria haina maana ya kutogharimu

Mnamo Machi 2016, mwandishi mmoja wa JavaScript aliondoa vifurushi vyake kwenye hifadhi ya npm baada ya kutofautiana kuhusu jina la kifurushi. Kimoja kiliitwa left-pad. Kilikuwa na mistari 11 tu, kazi yake ikiwa kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Programu nyingi kote duniani zilikitegemea, na ghafla hazikuweza kujengwa. npm ilikirudisha baada ya saa chache, kisha ikabadilisha kanuni za kuondoa vifurushi.

PHP nayo ilipata funzo lake. Mwaka wa 2021, mmoja wa watunzaji wake wakubwa alipotangaza kuhamia kazi nyingine, ilibainika kwamba mzigo wa lugha inayoendesha tovuti nyingi ulikuwa mabegani mwa watu wachache mno. Novemba mwaka huo PHP Foundation ikaundwa ili kukusanya fedha za kuwalipa watunzaji.

Sisi tuko wapi katika habari hii?

Mwaka wa 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, Wakenya na wenzao walijenga Ushahidi, mfumo wa kupokea ripoti za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani. Uliandikwa kwa PHP, msimbo wake ukawa huria, na ukatumika katika nchi nyingine. Mnamo Agosti 2019 kongamano la kwanza la PyCon Africa lilifanyika Accra, Ghana. Novemba 2023 ilikuwa zamu ya Zanzibar kupokea DjangoCon Africa ya kwanza, ya watumiaji wa Django, zana za kujengea tovuti kwa Python.

Kabla ya kuchagua lugha, kifurushi au kozi, mkazi anaweza kukagua mambo manne:

1. Leseni inaruhusu nini?
2. Toleo la mwisho lilitoka lini? Kila toleo jipya la Python huhudumiwa kwa takriban miaka mitano.
3. Watunzaji ni wangapi, na nani huamua wakikosana?
4. Mafunzo ni ya toleo lipi? Ukiona print "Habari" bila mabano, hayo ni ya Python 2. Python 3 huandika print("Habari").

Anayetaka kuchangia haanzii kwenye msimbo mgumu. Kuripoti hitilafu kwa undani ni mchango: ulifanya nini, ulitarajia nini, ukapata nini. Kusahihisha maelezo yanayowatatiza wanaoanza, au kuyatafsiri, ni mchango pia.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini lugha nyumbufu huhitaji majaribio mengi kuliko lugha zenye kompaila inayokagua aina mapema?
2. Python 2 ingetoa jibu gani kwa 9 / 2? Na Python 3?
3. Kanuni ya wajumbe wawili kwa mwajiri mmoja inazuia hatari gani?
4. Taja programu moja huria unayoitumia. Ni nani anayeitunza?

Majibu ya swali la pili ni 4 na 4.5. Swali la nne halina jibu moja. Anayetegemea programu hiyo kwa masomo au riziki yake atafanya vyema kulitafuta kabla hitilafu haijatokea.